Usiku wa Kuamkia Tarehe 12

Kazi yangu ni kupokea wageni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Huu ni mwaka wa kumi na moja nasimama nje ya mlango wa wanaowasili, kibao chenye majina mkononi, dereva kaegesha gari ng'ambo ya pili. Wageni wetu wengi wanakuja kupanda Mlima. Siku hizi mgeni akitokeza tu mlangoni najua kama begi lake limefika au limebaki njiani. Aliyepata begi anasukuma kitoroli na macho yake yanatafuta jina lake kwenye vibao. Ambaye hajapata anatoka mikono mitupu, karatasi moja imekunjwa kiganjani, na hatafuti jina la mtu yeyote.

Kuna mmoja simsahau. Alitua asubuhi, na saa nne ya asubuhi hiyohiyo wenzake wa kundi walikuwa wanaondoka kwenda geti la Machame. Vibali vya hifadhi hulipiwa kwa tarehe, wapagazi walikuwa wameshapimiwa mizigo, mpishi kafunga nyanya na mayai. Begi lake lilikuwa bado liko Ulaya, na viatu vyake vya kupandia, alivyovivaa miezi minne ili vimzoee mguu, vilikuwa ndani. Tulimkodishia viatu mjini Moshi. Siku ya tatu aliteremshwa, visigino vyote viwili vimechubuka hadi nyama inaonekana. Nilipompeleka hospitali aliniambia alichagua ndege ile kwa sababu ingemwokolea gharama ya kulala hoteli usiku mmoja.

Kwa hiyo mwaka juzi, watoto wa Mama tulipokubaliana kumpeleka kwenye meli ya kitalii akitimiza miaka sabini, na suala la tiketi za ndege likaangukia kwangu, sikuanza na nauli. Nilianza na viatu vya yule mgeni.

Mama ni mwalimu mstaafu. Alifundisha shule za msingi Kibosho kwa miaka thelathini na tano, na somo la Dini alilifundisha akiwa na ramani ya safari za Mtakatifu Paulo aliyoichora mwenyewe kwenye gunia la unga lililofuliwa. Efeso ilikuwa nukta nyekundu upande wa kulia. Kaka yetu anayeishi Hamburg ndiye aliyegundua kuwa kuna meli zinazoondoka Civitavecchia, bandari inayohudumia Roma, zikaenda Santorini, zikavuka hadi Kusadasi nchini Uturuki, kisha Mykonos na Napoli, halafu zikarudi Civitavecchia, usiku saba. Kutoka Kusadasi hadi magofu ya Efeso ni mwendo mfupi wa gari. Juu ya kilima jirani kuna nyumba ya mawe inayoaminiwa kuwa Bikira Maria aliishi humo, na Mapapa watatu walikwenda kusali pale: Paulo wa Sita mwaka 1967, Yohane Paulo wa Pili 1979 na Benedikto wa Kumi na Sita 2006. Mama alipoambiwa hivyo alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama mwaka 2025 si ndio Mwaka wa Jubilei. Ndio. Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma, unaofunguliwa Mwaka wa Jubilei tu, ungekuwa wazi. Basi mwaka ukawa umejichagua.

Mwezi niliuchagua mimi. Nauli za kutoka KIA zina tabia ambayo mtu wa Ulaya anayeandika ushauri wa safari hawezi kukupa. Ndege zetu hujazwa na watalii, na watalii hufuata Mlima na mbuga: Julai hadi Septemba, halafu Krismasi hadi Februari. Miezi hiyo viti vya kwenda Ulaya hujaa watu wanaorudi kwao, na sisi tunaotaka kwenda huko tunagombania viti nao kwa bei yao. Aprili na Mei mvua za masika zinanyesha, njia za Mlima ni tope, mahoteli mengi yanapaka rangi, na ndege zinaondoka na nafasi. Na Mei ndiyo meli za Mediterania zimeshaanza msimu, jua lipo lakini bado halijawa kali kwa mtu wa miaka sabini mwenye presha. Tukachukua meli ya tarehe 14 Mei.

Sasa ndipo kazi ilipoanza. Kaka alikuwa ananipigia kila Jumapili: "Mdogo wangu, kata tiketi sasa, nauli inapanda." Ana haki ya kusema hivyo. Kampuni za ndege huanza kuuza viti takriban miezi kumi na moja kabla, na yeye amezoea kununua mapema akapata nafuu. Lakini Kaka ana pasipoti ya Ujerumani. Mama na mimi tuna za Tanzania, na kwa mwenye pasipoti yetu safari hii inashikiliwa na kamba tatu: meli, viza na ndege. Ukivuta moja bila kuangalia nyingine, zote zinajifunga fundo.

Nilichukua kalenda ya ukutani ya parokia nikahesabu kurudi nyuma. Meli inaondoka tarehe 14 Mei saa kumi na moja jioni, na kaunta ya kupokea abiria inafungwa saa tisa na nusu. Kianzio tulichotoa kwa kampuni ya meli kingerudishwa chote tukighairi kabla ya siku 90. Siku 90 kabla ya tarehe 14 Mei ni tarehe 13 Februari. Baada ya hapo inalipwa fedha yote, na ukighairi wanaanza kukata, kidogo kidogo mpaka hakuna kinachorudi. (Kila kampuni ina siku zake. Soma za kwako, usichukue hizi zangu.) Maombi ya viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika hadi siku 45. Kwa hiyo nikiomba mapema Januari, wakitumia muda wa kawaida nitakuwa nimepata jibu kabla ya tarehe 13 Februari; wakitumia siku zote 45 tu ndipo jibu lingeipita tarehe hiyo. Viza ikitoka, nanunua ndege wiki hiyohiyo, halafu ndipo tunamalizia fedha ya meli. Viza ikikataliwa, tunarudishiwa kianzio, na hakuna tiketi ya ndege ya kulilia.

Hapo ndipo tulipobishana na Kaka, na nampenda kwa kubishana kwake kwa sababu fedha nyingi zilikuwa zake. Hoja yake: tukisubiri hadi Februari nauli itaongezeka. Hoja yangu: nyongeza hiyo ni bei ya kulala usingizi. Tiketi ya bei ya chini kabisa huwa hairudishwi, na balozi zenyewe zinashauri usilipie tiketi kabla ya viza. Wanachotaka kuona ni nafasi iliyoshikiliwa, yaani karatasi ya wakala inayoonyesha tarehe na njia. Wakala wetu hapa Moshi alitushikia nafasi bila kulipia. Mwishowe Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema: "Nimefundisha miaka thelathini na tano, sijawahi kununua sare kabla mtoto hajachaguliwa." Kaka akacheka, akanyamaza.

Tulishuka Dar kwa basi wiki ya pili ya Januari, kwa sababu alama za vidole lazima mtu azitoe mwenyewe. Ada ilikuwa yuro 90 kwa kila mmoja. Taarifa za benki, barua ya Kaka, uthibitisho wa meli, bima ya afya ya safari isiyopungua yuro 30,000, hati ya shamba la Mama. Sitaeleza vyote, orodha wanayo wao. Nieleze jambo moja tu kwa sababu lilitaka kutuponza.

Fomu ina swali: unaomba kuingia mara ngapi? Kijana aliyetusaidia kujaza pale steshenari alikuwa ameweka alama kwenye mara moja, kwa sababu kwa akili ya kawaida tunaingia Italia mara moja na kutoka mara moja. Lakini meli inatoka Santorini, iliyo Ugiriki, inakwenda Kusadasi, iliyo Uturuki. Uturuki si Schengen. Siku inayofuata meli inaingia Mykonos, Ugiriki tena. Hapo umeshatoka na kuingia mara ya pili, na ukiwa na viza ya mara moja umeishiwa, na kampuni ya meli inaweza kukukatalia kupanda tangu Civitavecchia. Nilifuta fomu yote nikaomba nyingine. Viza zilipotoka, siku ya ishirini na mbili, sikuangalia picha wala tarehe kwanza. Niliangalia kisanduku kidogo katikati ya stika, palipo na idadi ya kuingia. Palikuwa pameandikwa MULT, kwenye ya Mama na kwenye yangu. Nilimwonyesha Mama kwa kidole. Akavua miwani, akaisogeza pasipoti karibu na jicho, akasoma herufi moja moja kama anayesahihisha imla.

Na kwa nini tuliomba Italia na si Ugiriki? Kwa sababu unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zile siku mbili za Roma kabla ya meli, nilizoziweka kwa hofu ya ndege kuchelewa, ndizo zilizoongeza uzito upande wa Italia. Siku hizo za tahadhari zilifanya kazi mbili, na Mama naye akapata Mlango Mtakatifu wake.

Wiki hiyohiyo, mwanzoni mwa Februari, redio zikaanza kutangaza matetemeko ya Santorini. Ardhi ilikuwa inatikisika mara mamia, na maelfu ya watu walikikimbia kisiwa kwa boti na ndege, serikali ya Ugiriki ikatangaza hali ya dharura. Mdogo wetu wa Arusha alipiga simu: tughairi? Tulikuwa na siku chache tu kabla ya tarehe 13. Nilisoma mkataba wa meli usiku ule, ule mrefu ambao hakuna anayeusoma. Kampuni ina haki ya kubadili bandari za katikati wakati wowote. Inaweza kuruka Santorini ikaenda kwingine, au ikakaa baharini, na huna dai kubwa. Lakini mwanzo ni Civitavecchia na mwisho ni Civitavecchia. Ndege zetu zilikuwa zinategemea hizo ncha mbili tu. Laiti tungekata tiketi za kumwacha Mama akutane na Kaka kwenye kisiwa cha katikati, kama ilivyowahi kupendekezwa, mpango wote ungekuwa mikononi mwa volkano. Tukaendelea. (Mei ilipofika ardhi ilikuwa imetulia, na meli ilitia nanga Santorini kama ilivyopangwa.)

Sasa ndege yenyewe. Kutoka KIA kwenda Roma unaweza kupitia Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam, na kila njia ina watu wake. Nilichokiangalia si chakula wala sinema. Niliangalia muda wa kuunganisha: pungufu ya saa mbili sikuitaka, kwa sababu Mama hakimbii. Ukipitia Amsterdam unaingia Schengen palepale, kwa hiyo foleni ya uhamiaji inaingia ndani ya muda wako wa kuunganisha. Njia nyingine tatu unabaki upande wa abiria wapitao, na uhamiaji unakutana nao Roma. Tangu Oktoba 2025 Ulaya wameanza pia mfumo mpya wa kusajili wageni mpakani kwa picha na alama za vidole. Anayepanga sasa aongeze muda zaidi ya tuliouweka sisi.

Halafu kulikuwa na Nairobi. Lazima niiseme, kwa sababu kila mtu wa Moshi na Arusha huambiwa: "Nenda ukapandie Nairobi, nauli ni nafuu." Mara nyingi ni kweli. Niliiona kwa macho yangu, tofauti ya kutosha kununulia ng'ombe. Basi niliikokotoa kwenye daftari: basi dogo la Moshi hadi Nairobi kupitia mpaka wa Namanga, karibu siku nzima, hoteli usiku mmoja, kwa sababu siwezi kuiamini barabara ile siku ya ndege, teksi kwenda na kurudi, na wakati wa kurudi vivyo hivyo, Mama akiwa amechoka. Tofauti ilibaki, lakini ilikuwa imekonda kuwa mbuzi. Kilichoiua kabisa ni hiki: ukikwama Namanga na ndege ikaondoka Nairobi, hakuna anayewajibika. Tiketi ya ndege haijui habari za basi lako. Kwa kijana anayekwenda chuo ningesema nenda Nairobi. Kwa mtu anayewahi meli, hapana.

Ndiyo maana nasisitiza tiketi moja. Maana yake namba moja ya bukingi, zile herufi na tarakimu sita, kutoka KIA mpaka uwanja wa mwisho. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, wao wenyewe lazima wakutafutie nyingine. Ukinunua vipande viwili kwa kampuni mbili, cha kwanza kikichelewa cha pili kinaungua na unaanza upya kwa bei ya siku hiyo, ambayo ni bei ya kutisha. Kaunta ya KIA, kabla begi halijaondoka kwenye mkanda, nilimwomba dada wa zamu anionyeshe lebo. Kwangu mimi ni mazoea, maana kila siku nasoma lebo za wageni zenye JRO, alama ya KIA. Yetu ilikuwa inasomeka FCO, Fiumicino ya Roma. Ingekuwa na alama ya uwanja wa katikati peke yake ningemzuia palepale.

Kuna watakaouliza: si kuna fidia? Ipo. Sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inaweza kukupa hadi yuro 600 kwa safari ndefu iliyocheleweshwa sana, ikiwa unaondokea uwanja wa Ulaya, au unakwenda Ulaya kwa ndege ya kampuni ya Ulaya. Lakini yuro 600 hazikufikishi kwenye meli iliyokwisha kung'oa nanga. Na ile bima ya viza tuliyoinunua ni ya matibabu na kurudishwa nyumbani, haikugusa habari ya kuikosa meli. Tulinunua nyingine. Humo ndani niliikuta sentensi moja niliyoipigia mstari: bima hailipi kama hukuacha muda wa kutosha kati ya kutua na kupanda meli. Yaani hata wenye bima wanajua.

Kampuni nyingine za meli huuza ndege pamoja na meli, na kwa anayeondokea London au New York huenda ni jambo jema. Kwetu hawakuwa na KIA kwenye orodha yao. Tukapita.

Sasa naomba usome hapa polepole hata kama uliruka kwingine. Tiketi yetu ilisomeka: 12 Mei, 01:20.

Shangazi yangu, miaka michache iliyopita, alikuwa na tiketi ya tarehe 14, 00:40. Aliisoma vizuri: saa sita na dakika arobaini usiku, tarehe 14. Tarehe 14 akashinda akipika vitumbua vya kupelekea wajukuu, jioni akaoga, akaagwa, ukoo mzima ukapanda Noah mbili kumsindikiza, wakafika KIA saa tatu usiku. Ndege yake ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia. Kwetu usiku ni mmoja. Mtu akisema usiku wa Jumanne anaona Jumanne jua linazama na giza linaendelea mpaka jogoo, na hakuna mahali katikati ya giza hilo tarehe inapogeuka. Tiketi inageuza tarehe saa sita usiku, wakati watu wamelala. Wala hakuwa peke yake. Nimewaona wengine pale uwanjani, na kila mara wanasimama vilevile, mizigo miguuni, wanaionyesha ile karatasi kwa askari kana kwamba yeye anaweza kuibadilisha.

Kiswahili chetu kinalo neno la kuziba shimo hili, na ni aibu kwamba haliandikwi kwenye tiketi: usiku wa kuamkia. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika kwenye kalenda ya Mama, si kwenye kisanduku cha tarehe 12, bali cha 11: "Leo usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 12. Saa saba na dakika ishirini. Tunatoka nyumbani saa tatu na nusu." Nikamwomba anisomee kwa sauti. Akanisomea, kisha akachukua kalamu ileile akaweka alama ya vema pembeni.

Kurudi hakukunipa shida. Meli hufika alfajiri lakini watu hushuka kwa zamu hadi kama saa tatu asubuhi, na Fiumicino si jirani. Nilichagua ndege ya jioni. Mwenye haraka asichukue chochote kabla ya saa saba mchana.

Tarehe 8 Mei tulikuwa tumekaa sebuleni, mabegi tayari yamepimwa, televisheni ikaonyesha moshi mweupe. Mama alipiga goti palepale kwenye zulia. Papa Leo wa Kumi na Nne. Siku nne kabla ya sisi kufika. Kaka akapiga simu kutoka Hamburg akihofia Roma itafurika na hoteli zitapandisha bei, lakini chumba chetu kilikuwa kimelipiwa tangu Februari.

Tarehe 11 usiku dereva wetu wa kazini alitupeleka bila kudai hela. Mvua ilikuwa inanyesha kuanzia Bomang'ombe mpaka njia panda ya uwanja. Mara yangu ya kwanza kuingia KIA kupitia mlango wa wanaoondoka nikiwa na begi langu.

Roma, kwenye mkanda wa mizigo, begi langu lilikuja la tano. La Mama halikuja. Tulisimama mpaka mkanda ukasimama. Sitaitaja kampuni, kwa kuwa naona yaleyale yakitokea kwa kampuni zote. Mama alinitazama, na mimi nilijua natembea vipi wakati huo, nimewaona wengi. Dawa zake za presha zilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, hilo nilikuwa nimelihakikisha mara mbili. Nilimshika mkono tukaenda dirishani kabla ya kutoka ukumbini, kwa sababu ukishatoka nje kudai kunakuwa kugumu zaidi. Tukajaza fomu, tukapewa namba ya kufuatilia. Mwanamke wa pale dirishani akauliza anwani, nikamwandikia ya nyumba ya wageni ya masista tuliyofikia, karibu na Mtakatifu Petro. Akauliza: mtakuwepo hapo mpaka lini? Nikamwambia mpaka asubuhi ya tarehe 14. Akasema, bila kunyanyua kichwa, kwamba muda unatosha.

Lingekuwa jibu gani kama ningeandika jina la meli? Begi linaifuata meli bandari hadi bandari, linafika Santorini meli imeondoka, linapelekwa Mykonos, na Mama yuko Efeso na gauni la kukopa.

Kesho yake, tarehe 13, tulikwenda kwenye Mlango Mtakatifu. Mama alikuwa amevaa khanga yangu juu ya gauni lilelile la safarini, alilolifua usiku na kulianika dirishani. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanaimba kwa lugha ambazo sikuzitambua, na yeye hakuzungumzia begi hata mara moja mpaka tulipotoka. Ndipo akauliza, "Mwanangu, ile kahawa haitaharibika?" Alikuwa amebeba kilo mbili za kahawa ya Kibosho kwa sista mmoja wa kwetu anayesoma Roma.

Saa tatu usiku kengele ya mlango ikalia. Kijana mwenye gari dogo, begi la bluu lenye utepe mwekundu, lebo yake ya FCO na juu yake nyingine mpya. Mama alilifungua palepale kwenye varanda ya masista. Akatoa kimoja kimoja na kukihesabu: vitenge, viatu vya kufungwa kwa ajili ya mawe ya Efeso, sweta, Biblia, na chini kabisa kahawa, mfuko haujachanika. Akaunusa. Akampa sista, ambaye alikuwa amekaa nasi tangu jioni akingoja.

Asubuhi tuliwahi treni ya Civitavecchia.